Ndege ya kijivu, au ya maji ya kunde?

"Fundi, mbona hili bampa limekuwa la gari nyingine?"

Saa mbili usiku, nipo sheli naweka mafuta kwenye pikipiki, na huyo dada ndo kwanza nimemkabidhi gari yake mchana wa siku ileile. Corolla ya silva. Mchana tuliizunguka juani mimi na yeye na kijana wangu wa gereji, tukachuchumaa, tukaangalia kwa ubavu, hakuna aliyeona bampa jipya linaanzia wapi. Sasa chini ya zile taa nyeupe za sheli bampa limeingia ukijani fulani hivi na fenda imebaki kibluu, yani hata mtoto angeona.

Nikamwambia alete kesho.

Sisi wa kazi hii tunalijua hilo balaa. Rangi mbili zikichanganywa kwa viungo tofauti zinaweza zikaelewana vizuri tu kwenye jua halafu zikagombana kwenye tyubu laiti. Sio uzembe. Ila mteja ukimwambia hivyo anaona unamzuga, na kusema kweli ningekuwa mimi ndo mteja ningeona hivyohivyo.

Ingeishia hapo. Ila wiki hiyohiyo mpwa wangu akaja gereji na boksi.

Boksi

Ana miaka 14 na anapenda ndege kuliko chakula. Baba yake ana rafiki anayeenda Japani kufuata magari, safari hii kamletea modeli ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, ndege ya kivita ya Kijapani ya Vita vya Pili, ile Zero, iliyoruka kutoka kwenye meli za kubebea ndege kwenda kuipiga Pearl Harbor, kambi ya majini ya Wamarekani huko Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941. Dogo hakupita hata nyumbani.

"Mjomba, wewe si ndo fundi rangi. Nichanganyie rangi yake ya ukweli."

Nikacheka. Karatasi ya maelekezo imeandika kijivu, na kijivu ni dakika tano, nyeupe nyingi, nyeusi tone, bluu ya kuonjesha tu. Tena ndege yenyewe aliyeibuni, Jiro Horikoshi, alikuwa mhandisi wa Mitsubishi, jina lilelile la Fuso na Canter zinazoingia kwangu kila wiki, kwahiyo nikajiona kama nimeletewa kazi ya mteja wa zamani. Nikamwekea kwenye kichupa, nikamwambia nenda.

Jioni simu.

"Mjomba, huku mtandaoni wanasema haikuwa kijivu."

Wanaosema ni akina nani? "Wengi. Wanagombana." Nikamwambia asisumbuke, watu wa mtandaoni hata ugali watagombana. Halafu nikakaa kitandani na simu mpaka saa saba usiku, na wiki tatu zilizofuata ndo zimenifanya niandike hapa.

Jivu gani

Kwa miaka mingi baada ya vita karibu kila mtu alizipaka hizi Zero za mwanzo kijivu cheupe. Makumbusho, wachoraji, watengeneza modeli, wote. Baadae wakatokea watu wameshika mkononi vipande vya ndege zenyewe, mabati yaliyookotwa, wakasema hapana jamani, hiki sio kijivu, hiki kina unjano, kina uzeituni, kuna mtu kaloweka kijivu kwenye asali. Wakaanza kutumia neno la Kijapani, ameiro.

Nikaanza na kijivu kwanza. Kijapani ni haiiro, na hai ni jivu, iro ni rangi. Yani wenzetu wametoa rangi jikoni kama sisi tulivyotoa. Hapo nikafurahi, halafu furaha ikanitoka, kwasababu jivu lenyewe lina rangi gani? La mkaa uliowaka ukaisha ni jeupe kabisa linapeperuka. La kuni ambazo hazikukauka vizuri lina weusi weusi. La takataka unalijua mwenyewe. Mtu akiniambia nipige gari "kijivu" bila kunionyesha kitu sishiki hata bunduki ya rangi.

Ndo maana kuna namba. Toyota ukifungua boneti unakuta kile kibati, pale palipoandikwa C/TR, 040 ni nyeupe, biashara imeisha. Na jeshi la majini la Japani walikuwa na namba zao vilevile, kijivu chao hicho kiliitwa J3.

Kwahiyo kazi imeisha? Haijaisha. 040 ya gari iliyolala chini ya mwembe miaka kumi na 040 ya kopo jipya ni ndugu wasiosalimiana. Hata kiwandani kopo la Jumatatu na la Ijumaa vinaweza kutofautiana kidogo, wauza rangi wenyewe wanajua, ndo maana namba moja wanakuwekea na vivuli vyake kadhaa uchague. Sasa chukua Zero, zilitengenezwa zaidi ya 10,000 na zaidi ya nusu hazikutoka hata kwa Mitsubishi, zilitoka kwa Nakajima. Gereji mbili, vita inaendelea, malighafi za shida. Aliyewahi kupeleka milango kwa fundi mmoja na boneti kwa mwingine atanielewa.

Kampaundi

Kuna kitu kilinikamata nikashindwa kuachia.

Wale wenye vipande wanaeleza kwamba bati likiwa kama lilivyo, juu linaonekana kijivu kimepauka. Ukilisugua taratibu, ukatoa ule unga wa juu, chini inatoka rangi nyingine, nzito, ina unjano wa zeituni.

Hii naijua kwa mikono yangu! Gari nyekundu iliyopigwa jua la Dar ikageuka pinki, ukipitisha kidole kinatoka na unga. Ile ni gundi ya rangi imeliwa na jua, chembe za rangi zimebaki hazina wa kuzishika. Unapiga kampaundi, unasugua, wekundu unarudi, mteja anakuona mchawi. Sasa ndege iliyolala juu ya sitaha ya meli, jua la juu na jua la kwenye maji, chumvi usiku na mchana, kwanini isipauke? Kumbe waliopiga kelele "kijivu" waliona unga, na waliosugua wakaiona rangi.

Nikampigia dogo usiku uleule, nikamwambia wale wa ameiro wako sahihi, mimi fundi nimesema.

Siku mbili baadae nikaanza kujitilia shaka.

Kwasababu kuna jambo la pili nalijua, na hili halinipi raha. Gundi nyingi za rangi na mafuta hugeuka njano zikizeeka, na mafuta ya kitani yakifungiwa gizani ndo mabaya zaidi. Kuna mlango wa kabati nyumbani kwa mama ulipakwa nyeupe, upande wa nje bado mweupe na wa ndani umekuwa kama samli. Hakuna aliyeupaka samli. Sasa vile vipande vya Pearl Harbor askari walivikata kama kumbukumbu, wakaviweka kwenye masanduku, kwenye droo, miaka hamsini gizani. Ukisugua ukakuta unjano, umekuta rangi ya 1941 au umekuta rangi ya droo?

Sikumpigia dogo kumwambia hilo. Niliona aibu kidogo.

Mashahidi wote wana kasoro

Nikasema basi itafutwe ndege nzima, isiyoguswa. Ipo moja maarufu. Tarehe 4 Juni 1942 kijana anaitwa Tadayoshi Koga, wa meli Ryujo, alitoka kushambulia Dutch Harbor huko Alaska, ndege ikapigwa, ikavuja mafuta, akajaribu kutua kisiwa cha Akutan sehemu aliyoiona kama majani. Ilikuwa tope. Magurudumu yakazama, ndege ikapinduka chali, Koga akafa palepale. Wenzake walitakiwa kuiharibu ndege yoyote inayoangukia kwa adui, wakashindwa kupiga risasi, hawakujua kama yuko hai. Alikuwa na miaka 19.

Hapo niliweka simu chini muda mrefu. Mpwa wangu ana 14.

Wamarekani waliiona Julai, wakaitoa kwenye tope, wakaipeleka San Diego, Septemba ikaruka. Zero nzima kabisa, haijaoza, haijaungua. Na wakaifanyaje? Wakaipiga rangi yao! Nyota ya Marekani na kila kitu. Sawa, walikuwa hawataki itunguliwe na watu wao wenyewe, nawaelewa, lakini kama fundi roho iliniuma. Halafu Februari 1945 iko palepale San Diego, ndege nyingine aina ya Helldiver ikaigonga kwa nyuma ikiwa ardhini, propela likaikatakata vipande. Vimebaki vidude vichache.

Ya pili ilitua kisiwa cha Niihau, hukohuko Hawaii, siku ileile ya Pearl Harbor, ya rubani Shigenori Nishikaichi. Hiyo aliichoma moto mwenyewe kabla hajauawa. Mabaki yake yako makumbusho ya ndege ya Pearl Harbor mpaka leo, mabati yaliyoungua na kutu.

Picha je? Nyingi ni nyeusi na nyeupe, na filamu nazo zina macho yake. Zile za Vita vya Kwanza ndo kichekesho, kuna aina ilikuwa haioni wekundu kabisa, wekundu unatoka mweusi na bluu inatoka nyeupe, kwahiyo unaweza kuishika picha ya ndege ya Richthofen, yule Mjerumani aliyeitwa Baroni Mwekundu, ukaapa ile ndege ilikuwa nyeusi. Watu wanajua ilikuwa nyekundu kwasababu alipoangushwa Aprili 1918 askari waliichana kitambaa wakagawana, na vipande vingine vimetunzwa mpaka leo, Australia wanavyo, Kanada wanavyo. Yani uporaji ndo uliotunza ushahidi.

Na hati za serikali? Waingereza Juni 1940 walitoa amri ndege zao za kivita zipakwe chini rangi inaitwa Sky, ya ukijani wa maji maji. Rangi yenyewe haikutosha. Vikosi vikajichanganyia vyenyewe kwa walichonacho, mmoja katoa ukijani, mwingine katoa samawati, na vita ile ya angani na Wajerumani ikapiganwa hivyohivyo. Kwenye karatasi ni rangi moja. Hii hainishangazi hata kidogo, nimeshapiga gari nzima kwa makopo matatu ya maduka matatu kwasababu mwenye harusi ni kesho.

Msasa

Ngoja niseme hili ambalo pengine halihusiani.

Zamani makumbusho mengi yakipata ndege chakavu walifanya kama sisi gereji, msasa mpaka bati, praima, rangi mpya inang'aa, picha na waziri. Siku hizi wenye akili hawafanyi. Wanachagua sehemu ndogo wanapiga msasa wa maji kwa duara, taratibu, kila tabaka linabaki kama pete, ukiangalia unasoma historia kutoka nje kwenda ndani kama mti uliokatwa. Wa Smithsonian kule Marekani walivyokuwa wanaitengeneza Focke-Wulf 190 yao ya Kijerumani miaka ya mwanzo ya 80, walikuta chini ya rangi kuna rangi, na chini yake nyingine, kila moja na alama zake, ndege imehamishwa na kupakwa upya wakati vita ikiendelea. Na ile ndege yao ya mabomu, B-26 inayoitwa Flak-Bait, iliyoruka zaidi ya mara 200, wameamua kuiacha na rangi yake yote iliyobanduka.

Niliposoma hilo la pete nilikumbuka magari niliyoyamaliza. Kuna Peugeot 404 moja ya mzee mmoja, ilikuwa na rangi nne chini. Nilisugua zote, nikafagia, nikamwaga.

"Kidogo"

Kilichonigeuza mwisho hakikuwa bati.

Mwanzoni mwa 1942 mafundi wa jeshi la majini la Japani huko Yokosuka walikuwa wanatafuta rangi ya kuificha Zero, na kwenye ripoti yao ilibidi waeleze kwanza ndege ikoje kwa wakati huo. Wakaandika kwamba ni J3, kijivu, ila inaelekea kidogo kwenye ameiro, na inang'aa.

Basi. Sentensi moja.

Mimi hiyo sentensi niliisoma kama fundi na nikamwona mtu. Ana namba mkononi, J3, angeweza kuandika J3 akaenda kula. Lakini ndege iko mbele yake, anaiangalia, anaona namba haisemi anachokiona, anaongeza neno. Halafu anaona neno limezidi, anaweka "kidogo". Mtu asiyejali rangi haandiki kidogo. Na hana droo ya miaka hamsini huyu, anaongelea ndege za siku zile.

Kwahiyo wa kijivu walikuwa sahihi na wa ameiro walikuwa sahihi, na waliokosea ni waliokuwa wanapaka caramel ya kwenye keki, ambao nao wapo, nimeziona hizo modeli, zinatisha.

Limebaki swali la dogo. Kidogo ni tone ngapi?

Maji ya kunde

Ame ni pipi ya zamani ya Kijapani, ile sharubati nzito inayopikwa mpaka inaingia rangi. Na hilohilo neno ameiro wanalitumia jikoni kwa vitunguu, vikikaangwa kwa moto mdogo mpaka vilainike na kugeuka. Sasa mwenye kupika pilau ataniambia, vitunguu vikigeuka, vimegeuka vipi? Kuna dakika vinaangaza kama kioo, kuna dakika ni dhahabu, ukipokea simu tu ni kahawa.

Nilikuwa namweleza mke wangu haya, anasonga ugali hanisikilizi vizuri, akasema, "Si kama maji ya kunde."

Nikanyamaza.

Maana ni kweli. Ukiniambia mtu ni maji ya kunde namwona, wala sihitaji kipimo, na hakuna Mswahili atakayebisha. Lakini niambie nichanganye. Kunde zipi, nyekundu au zile nyeupe zenye jicho? Maji ya kwanza ya kuloweka au yaliyochemka? Ukiyatazama kwenye sufuria ya alminiamu au kwenye kikombe? Neno tunalo, tunalitumia kila siku, tunaelewana, na akitokea mtu miaka mia ijayo asiyewahi kupika kunde akalikuta kwenye karatasi ataanza kugombana na wenzake kama hawa wa Zero.

Jumamosi nikachemsha kunde. Sicheki. Nikaloweka usiku, nikachemsha, nikawa nachota kijiko kila baada ya muda namwaga kwenye sahani nyeupe, vijiko sita, mpwa wangu pembeni na zile picha za vipande kwenye simu, anasema huyu hapana, huyu hapana, huyu karibu. Kijiko cha nne.

Tukarudi kwenye kichupa kile cha kijivu changu cha dakika tano. Bluu niliyoonjesha mwanzo ndo ilikuwa adui, ilibidi niiue na njano ya udongo, ikaenda kijani, nikarudisha na wekundu ncha ya kijiti, ikatulia. Boneti tukapiga ule weusi wenye ubluu, hiyo haina ubishi, hata wagombanaji wanakubaliana. Ndani ya mashine dogo alishapaka mwenyewe ile aotake yao, rangi inayopitisha mwanga, bluu ya kijani juu ya silva, jina lake maana yake mianzi mibichi, na kaipaka vizuri kuliko ningeipaka mimi. Klia, ile ya juu ya kung'arisha, nikapiga mbili, kwasababu yule bwana wa Yokosuka alisema inang'aa.

Tukaiweka dirishani. Juani ilikuwa kijivu, nakwambia kijivu kabisa, dogo akanikazia macho. Akaichukua akaiingiza kivulini chini ya kabati na pale ikawa na ule uasali, kidogo, kidogo kweli. Nikasema hapo sasa.

Usiku tumeiweka mezani tunakula, umeme ukakatika. Dogo akawasha tochi ya simu akaimulika ile ndege.

Kijani.

"Mjomba," akasema, "hii sasa ya tatu."